Kivinjari cha Uwanja wa Barafu

Bi Verna alikuwa akirudi kutoka maombi ya Ijumaa kanisani, basi la mji wa Thunder Bay, Kanada, likienda polepole kwenye theluji. Mbele yake mzee mmoja alikuwa na kompyuta mapajani. Kompyuta ikaomba isasishwe, mzee akabofya, "Nikumbushe kesho."

"Mzee wangu, utaidanganya mpaka lini?" akauliza dada aliyekaa kando ya mzee. "Mimi ni fundi wa hizo, naumia nikitazama."

"Dada, nikisasisha, kivinjari cha zamani kinafutwa, na ratiba ya uwanja wetu wa barafu ninayoitunza haifunguki kwingine. Kesho watoto wana mashindano ya mpira wa magongo. Wazazi wataniweka wapi?"

"Na wezi wa mtandao je? Hiyo ni nyumba isiyo na mlango! Majina na simu za watoto wote zimo humo."

Hilo lilimwingia mzee. Akakuna kidevu. "Haya, umenishinda. Nisasishe sasa hivi?"

Dada akatazama tarehe kwenye simu yake. "Leo si Ijumaa? Aa, hapana. Ijumaa sisi mafundi hatugusi kitu. Kikiharibika, Jumamosi nani atakuja?"

"Kumbe na wewe una mwiko! Njia nzima unanihubiria!" Mzee akacheka mpaka dereva akachungulia kwenye kioo.

Bi Verna akaficha tabasamu ndani ya skafu. Hata hawa, akawaza, wana siku yao takatifu.

Basi likasimama, mzee akashuka. "Jumatatu asubuhi!" dada akampigia kelele. "Jumatatu nitaifikiria!" mzee akajibu.

Mlango ukafungwa. Bi Verna, ambaye hajawahi kuombea mashine, akajikuta anamwomba Mungu ailinde ile mpaka Jumatatu.