Daktari Aliyengoja Mrija Utembee

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Nyakasanza, mlioko Lumumba, acheni kwanza masufuria mtusogelee. Wiki hii tumemzika Daktari Katsuva Théodore, mpasuaji wa akina mama. Wauguzi walimwita Kinyonga, kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda polepole. Naye alicheka tu.

Kinyonga alikuwa na desturi moja. Mkojo hushuka kutoka figo hadi kibofu kwa mrija mwembamba. Karibu na mlango wa kizazi, mrija huo hupita chini ya mshipa unaokilisha kizazi damu. Ukifunga mshipa bila kutazama, unaweza kufunga na mrija. Figo inakufa kimyakimya, na mama anarudi nyumbani akidhani amepona. Basi Katsuva alikuwa akisimamisha kazi na kuugusa mrija taratibu. Mshipa wa damu hudunda. Mrija hujinyonga kama mnyoo. "Mumeona inatembea?" aliuliza. Mpaka kila aliye mezani ajibu kwamba ameona, uzi haukufungwa.

Wasikilizaji wapendwa, kufundisha subira ni rahisi; kuiishi ndiyo kazi. Mwaka jana uvimbe wa kizazi ulimshika mke wake, mama Kahindo, akawa anatoka damu nyingi. Aliyempasua ni Daktari Séphora, mwanafunzi wa Katsuva mwenyewe. Katsuva alikaa nje na shemeji yake, Fiacre. Alijua kwamba uvimbe mkubwa husukuma mrija nje ya njia yake. Saa zilipita. Muuguzi alitoka mbio kuchukua damu nyingine, akarudi ndani. Fiacre akashindwa kuvumilia.

"Weye ni munganga, unaikaa tu? Ingia umusaidie dada yangu."

Katsuva hakuinuka.

"Nikiingia, Séphora ataharakisha juu yangu, mwalimu wake. Iko anatafuta mrija. Mumuache atafute."

Fiacre alihama benchi. Hatimaye Séphora alitoka, jasho likimtiririka, akasema mirija yote miwili ni mizima na mama yu hai.

Jana kilioni, mama Kahindo alisema hivi: "Watu walisema bwana yangu alikuwa na roho ya jiwe siku ile. Aliniambia alishika benchi na mikono mbili, juu ya kujizuia asikimbie kuingia."

Aliyebeba jeneza upande wa kichwa ni Fiacre.

Mama Kahindo, watoto, Daktari Séphora, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Na siye tunaongoja nje ya milango ile ya upasuaji, tukijifunza kukaa, tutakuwa tumemlilia vizuri.