Tabia za Mama Mkwe

Benchi la mbele ya kibanda cha Fundi Viatu lilikuwa na miguu mitatu na tofali. Waliolikalia walikuwa na kazi zao, ila kazi hazikuwa nao: Kinyozi, aliyemwacha mteja ng'ambo ya barabara na ndevu nusu, na Spana, fundi magari ambaye gari likitoka kwake husukumwa. Fundi mwenyewe aliipa barabara mgongo, sindano mkononi, kuku wake wa madoadoa amemlalia kwenye kiatu. Kuku huyo alimpa jina la Mama Mkwe, maana huingia chumbani bila hodi, hukagua masufuria, na akikuta uchafu hupiga kelele mtaa mzima ujue. Nyumbani humwita "Mama" tu, na mkewe hajui zaidi ya hapo. Asubuhi hiyo mke alikuwa ametoa amri: mama yake anakuja jioni, kuku aingie chunguni. Fundi aliumia moyoni, akafanya kosa la kuwaambia wale wawili wakati kahawa inamiminwa.

— Ananipenda, alisema. Siku niliyoumwa, hakula.

— Hakula kwa kuwa anayemtupia mchele alikuwa kitandani, akasema Kinyozi. Kichwa chenyewe kama kifungo cha shati, hayo mapenzi atayaweka wapi?

— Mbona wewe una kichwa kikubwa, na mapenzi hayamo? Fundi akamrudishia.

Spana akaweka kikombe chini.

— Niulizeni mimi. Kuku mweupe ana maringo, mweusi ana kinyongo, wa madoadoa ni mpelelezi. Huyu katumwa!

— Na nani?

— Na mama mkwe halisi! Fundi, kuku kaja kwako kabla ya harusi au baada?

— Baada.

— Umeona? Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Na hiyo inahusu nini hapa? akauliza Kinyozi.

— Inahusu kuku!

Fundi alivuta uzi kwa nguvu mpaka soli ikalia.

— Nikikaa tu, anakuja kunilalia mguuni. Huo si urafiki?

— Urafiki? Kinyozi alicheka hadi kahawa ikammwagikia. Ndugu yangu, huyo anakuatamia! Anadhani wewe ni yai. Tena viza, maana miaka yote hii hujaanguliwa.

— Mwanamume mzima analilia mchuzi! Spana akadakia. Kesho utamnunulia viatu.

Wapita njia wawili walisimama kucheka. Fundi alimpenda yule kuku kweli, kuliko alivyowapenda hawa wawili, lakini aibu ya kuonekana hivyo mbele yao ilimzidi nguvu. Hakuinua kichwa. Akapaza sauti, ili hata wapita njia wasikie kuwa yeye ni dume:

— Basi, yaishe! Mama Mkwe nitamchinja mwenyewe, leo leo. Kelele zake zimenichosha!

Akangoja wacheke. Hawakucheka. Kinyozi alikuwa ametumbulia macho kitu nyuma ya bega lake. Kuku naye alikwisha shuka kiatuni, akaenda zake huko huko. Fundi aligeuka polepole. Mama mmoja alikuwa amesimama hapo na begi la safari. Basi lake lilikuwa limefika mapema, na kuku alikuwa anadonoa pindo la gauni lake kama wanaojuana.

— Si wewe, mama! Spana akaropoka kwa nia ya kuokoa jahazi. Mama Mkwe ni huyo kuku!

Mama akamtazama kuku. Akamtazama sana.

— Kumbe. Na ana tabia gani, mpaka akapewa jina langu?

Kinyozi akamkumbuka mteja wake. Spana akachungulia ndani ya kikombe kilichokwisha zamani.

— Shikamoo, mama, alisema Fundi.

— Marahaba, mkwe wangu. Nimeuliza tabia.