Sista Eunike Swai na Ramani Aliyoibandua

Tarehe 30 Juni 2003 Sista Eunike Swai anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya uuguzi katika hospitali yetu. Miaka kumi na mitatu ya mwisho amesimamia kliniki ya figo na shinikizo la damu.

Ni mzaliwa wa Machame, binti wa wakulima wa kahawa. Alianzia wodi ya wazazi, na wapo watumishi wenzetu ambao humwamkia shikamoo kwa woga kidogo, kwa kuwa ndiye aliyewapokea duniani. Anayeongeza chumvi mezani mbele yake harudii tena.

Mwaka 1996 alichora ramani ya mkoa, akachomeka pini kwa kila mgonjwa mpya wa figo. Pini zilijaa huko juu mlimani, kwenye migomba, na wagonjwa walizidi kila mwisho wa Desemba. Ramani ilisifiwa sana. Wengine wakaanza kuilaumu mbege, pombe ya ndizi ya huko. Hospitali ilikuwa na gari moja tu la kupimia watu presha na mkojo vijijini, na kamati ikaamua lipande mlimani mwaka mzima.

Kabla halijaanza safari, alikuja mgonjwa mmoja, Mzee Kornel, fundi baiskeli, akaandikishwa kuwa wa Kibosho. Sista alipomshauri apunguze mbege ya huko, mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Sista, usiisingizie mbege! Kibosho ni kwetu, kuna kihamba cha baba, shamba la ukoo. Lakini mimi naishi Holili, huku chini tambarare, tangu ujana. Umeniuliza natoka wapi, nami nimekutajia nitakapozikwa!"

Sista mwenyewe, akiulizwa, hujibu Machame, ingawa ameishi mtaa wa Mawenzi, hapa mjini, miaka yote ya kazi. Akawauliza wagonjwa upya, safari hii akitaka kujua wanalala wapi na wanafanya kazi wapi. Pini nyingi ziliteremka tambarare. Nyingine zilitoka kabisa kwenye ramani, zikaenda Arusha na Dar es Salaam. Desemba nayo ikaeleweka: figo huharibika kimyakimya kwa miaka, ila mtu akirudi nyumbani Krismasi, mama yake ndiye anayeona miguu imevimba.

Aliibandua ramani mbele ya kamati ileile, akaomba gari lishuke. Mjumbe mmoja alimkumbusha kuwa ni yeye aliyewashawishi lipande. Akajibu, "Ni mimi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe." Ameturuhusu tuyaandike haya na kuyasoma hapa.

Gari lilishuka Holili na vijiji vya chini ya Kwa Sadala, tena katika miezi isiyo na sikukuu. Watu wakaanza kupatikana wakiwa bado wanakwenda shambani, presha iko juu lakini figo bado zinaokoleka.

Ratiba ya gari kuanzia Julai haijatoka. Tunalitaja hili kwa heshima zote, tukijua wajumbe wa kamati wameketi safu ya mbele: tunaomba liendelee kushuka. Yeye hatakuwepo tena kuliombea.

Asante sana, Mama. Tunakuombea afya na miaka mingi, popote utakapochagua kuishi.