Mikono ya Winchi na Mkanda wa Koplo

Marehemu, ambaye kituoni na mtaani wengi wenu mlimjua kwa jina la Winchi, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu wa dereva wa lori na mkewe. Mimi ninayesoma wasifu huu ni dada yake mkubwa. Ya utotoni niliyaona kwa macho yangu. Ya ukubwani nimeyapata kwake mwenyewe, kwa mke wake na kwa wenzake wa kazi.

Mke wake ameniomba nisimpambe. Basi niseme mapema: ndugu yetu alikuwa mtu wa wivu. Hakuwa mchoyo, maana angekuvulia hata shati la mwilini. Asichoweza kuvumilia ni mwingine kusifiwa mbele yake. Mdogo wetu wa mwisho alipozaliwa, marehemu alikuwa na miaka minne. Wageni walikuja, wakampita mlangoni, wakaenda kumbusu mtoto. Kesho yake jirani alibisha hodi akiwa amebeba beseni la kufulia, na ndani yake mtoto amelala fofofo. Akamwambia mama kwa upole, "Mwanao kaniletea huyu. Kasema nyinyi mna mwingine." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Marehemu hakucheka.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mtaani kwetu, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Darasani alikuwa wa katikati. Ila kwenye kuvuta kamba hakuwa na mpinzani. Alikuwa anasimama mwisho kabisa, kamba ameizungusha kiunoni, na timu nzima ya upande wa pili inakuja kifudifudi. Mwaka waliopewa kombe alinuna wiki nzima kwa sababu lilikabidhiwa kwa nahodha.

Baada ya shule alipakia mizigo kwenye ghala, na mwaka 1990 akaajiriwa zimamoto. Huko ndiko alikopewa jina. Katika moto wake wa kwanza alitoka na bibi mmoja begani, na chini ya kwapa la pili cherehani ya yule bibi, kwa kuwa alikuwa amegoma kuondoka bila hiyo. Mkuu wa kituo akasema huyu si mtu, ni winchi ya kunyanyulia mizigo. Kwa miaka karibu ishirini, likitokea la kubeba mtu, wenzake walikuwa wanasogea pembeni kumpisha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995 na fundi wa mabegi ambaye kibanda chake kilitazamana na lango la kituo. Wakajaliwa watoto watatu. Wifi yangu yuko hapa mbele, na mwenyewe atawaambia kwamba mumewe aliwahi kuwaonea wivu hata wateja wake, kwa jinsi alivyokuwa akiwatabasamia.

Mwaka 2009 kituo kililetewa koplo mmoja mwanamke, mwembamba, mpole wa kusema, ametoka kwenye mafunzo ya uokoaji. Mfukoni alikuwa na mkanda bapa wa nailoni, upana wa vidole viwili, ncha zake zimefungwa pamoja ukawa duara. Wakamuuliza wa nini. Badala ya kueleza, alimwomba Winchi alale chini ajifanye amezimia. Akaupitisha mkanda mgongoni kwake, pande mbili zikatokea kwapani, upande mmoja akauingiza ndani ya mwenzake, akapiga goti na kurudi nyuma. Kadiri alivyovuta ndivyo mkanda ulivyoshika na kichwa cha marehemu kikainuka kutoka sakafuni. Yule dada akamburuta mtu wa kilo mia moja na ushee kutoka kwenye magari mpaka mlango wa jiko, huku akizungumza kama anayepiga soga. Kituo kizima kilipiga makofi.

Kuanzia siku hiyo kijiba kilimkaa rohoni. Salamu ya Koplo aliijibu akitazama pembeni. Alimwambia mkuu kwamba hiyo ni kamba ya begi la shule, na kwamba mwanamume mzima haburutwi kama gunia. Wenzake walipokuwa wanajifunza uani, yeye alikuwa anaosha gari lililokwisha kuoshwa. Ila macho yalikuwa uani.

Na nyumbani hakukukalika. Koplo kafunga hivi, Koplo kapitisha vile, Koplo anajiona. Mke wake alivumilia, alivumilia, mwisho akaweka kijiko mezani na kusema, "Ukimtaja tena huyo mwanamke kwenye chakula changu, hamia kwake akupikie." Sasa wivu ukawa wa wawili ndani ya nyumba moja.

Haukupita muda wifi akagundua kwamba utepe wa nailoni unapungua kibandani, ule mwekundu wa mabegi ya watoto. Akadhani mwizi. Kumbe alimkuta mumewe chumbani amelizungushia godoro utepe ule kama kifua cha mtu, analivuta kuelekea mlangoni. Alimtaka aseme ukweli. Marehemu akakiri kwamba ule mkanda ni kitu cha maana, kwamba hawezi kumwomba yule dada amfundishe, na kwamba heri afe kuliko Koplo ajue. Wifi, ambaye kusikia mumewe hataki kufundishwa na Koplo kulimfurahisha kuliko kitu chochote mwaka ule, alilala sakafuni yeye mwenyewe akasema avutwe. Walifanya hivyo miezi mingi. Akamshonea mkanda wake, mishono minne minne, kwa uzi wa kushonea viti.

Tarehe 3 Mei 2011, alasiri, lilishika moto jengo la ghorofa tatu lenye kiwanda cha magodoro chini na vyumba vya kupanga juu. Ghorofa ya tatu kulikuwa na mwokaji mikate aliyefanya kazi usiku na kulala mchana, mtu mnene kuliko hata marehemu. Walipanda wawili, Winchi na Koplo. Walimkuta kwenye ujia, hana fahamu. Marehemu alikuwa na mkanda wake mwekundu mfukoni. Hakuutoa. Aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, "Dada, angekuwa mtu mwingine yeyote nyuma yangu, ningeutoa. Lakini alikuwa yeye."

Akamnyanyua mwokaji begani. Aliposimama, kichwa kikaingia kwenye joto lililokuwa limejaa juu ya ujia, goti likamsaliti, wakaanguka wote wawili. Koplo akaja akitambaa. Marehemu alikuwa anangoja asikie neno la kumkata maini. Hakulisikia. Hapo ndipo mkono wake ukaenda mfukoni, ukatoa mkanda mwekundu. Koplo aliutazama, tena akautazama mshono, akatoa mkono wake kwenye mkanda wake mwenyewe.

"Funga wewe," akamwambia. "Uko kwenye kichwa. Mimi nitashika miguu ngazini."

Akafunga, goti limevimba, moshi haumwonyeshi vidole vyake. Akavuta akiwa amekaa, chini kwenye hewa isiyochoma, hatua ya kalio kwa kalio, mpaka kwenye ngazi na mpaka nje. Mwokaji aliamka hospitalini. Leo amekaa safu ya tatu, na mikate mliyokula asubuhi ni yake.

Kwenye gwaride mkuu alimsifu Koplo. Winchi akasimama amekunja uso. Koplo akaomba ruhusa ya kusema, akaeleza mbele ya wote kwamba fundo lilikuwa la Winchi na mkanda umeshonwa na mke wake. Mtu mwingine angeshukuru. Marehemu alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Sasa kanishinda mpaka kwa roho nzuri."

Lakini hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanzia. Kwa miaka kumi na moja wawili hao walifundisha vijana kituoni, kila mmoja akiapa kwamba wanafunzi wake wanafunga haraka kuliko wa mwenzake. Mikanda yote ya kituo ilitoka kwenye cherehani ya wifi. Koplo alikuwa anaifuata mwenyewe kibandani, na wifi alikuwa anamhudumia vizuri, na hakuwahi kumkaribisha chai.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuishiwa pumzi. Miaka yake ya mwanzo kazini vifaa vya hewa havikuwatosha wote, na yeye alikuwa wa kwanza kumwachia mwenzake. Madaktari walisema mapafu yamechoka. Alistaafu mwaka uliofuata. Koplo, kwa wakati huo, alikuwa amekuwa mkuu wa kituo, jambo ambalo marehemu alilipokea kwa kugeukia ukutani. Aliwaonea wivu wote: majirani wanaopanda ngazi huku wanaongea, wajukuu wanaopuliza maputo, na hata mimi, kwa kulala chali.

Alipofika mahali pa kuteleza kitandani na kushindwa kujirudisha juu ya mito, wifi alihangaika peke yake, mwili mdogo na mume mkubwa. Koplo alikuja na mkanda mpana. Nilikuwepo. Wifi alisimama mlangoni amekunja mikono, akamtazama mwanamke mwingine akimshika mumewe mabegani. Kisha akasema, "Nifundishe. Halafu uniachie."

Koplo alimfundisha jinsi ya kuupitisha chini ya mgongo bila kumkwaruza, jinsi ya kuweka goti moja kitandani na kuvuta kwa uzito wa mwili badala ya mikono. Alipohakikisha anaweza, aliukunja ule mkanda, akamkabidhi, akaaga. Alirudi kila Jumamosi, akaketi kwenye kiti cha mgeni, na hakumgusa tena mgonjwa. Jumamosi ya pili alikaribishwa chai.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 2 Juni 2024, asubuhi, dirisha la uani likiwa wazi. Mkewe alikuwa ametoka kumvuta na kumweka sawa juu ya mito. Alipopata pumzi ya kusemea, alimwambia, "Unavuta vizuri kuliko yeye. Usimwambie." Hakusema tena.

Mkuu wa kituo, tunakuona hapo ulipokaa. Wifi amesema nikuambie.

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake wa kiume ambaye amemsamehe lile beseni, na mimi dada yake. Ameacha pia mwokaji mmoja, na vijana wa zimamoto ambao hawezi tena kuwakatalia kwamba wanamzidi. Mungu ampe nafasi ya kuvuta pumzi kwa raha, na ampumzishe kwa amani.