Vigae Vyeupe vya Supamaketi

Nyuma yangu, kwenye Noah ya kutoka Njombe kwenda Makambako, kijana mwenye tai alikuwa akimlalamikia mama aliyepakata katoni ya sabuni. Kijana ni meneja wa supamaketi mpya pale Njombe. Mama ana duka Lyamkena. "Mama, hakuna anayenishinda kwa bei, lakini wateja hawakai hata dakika tatu!"

"Wanavua mabuti mlangoni?"

"Wote! Wakiona vigae vyeupe wanadhani wameingia sebuleni kwa mtu."

"Na baridi hili la mwezi wa saba! Pekupeku utafika rafu ya nne? Si utabeba chumvi ukimbie?"

Nilikunja vidole ndani ya viatu vyangu.

"Niliomba mazulia makao makuu, Dar. Wakasema mpango ni mmoja kwa matawi yote. Wakaniletea feni sita."

Mama alicheka mpaka katoni ikatikisika. "Tandika magunia, baba."

"Magunia? Supamaketi ina hadhi yake!"

Alikuwa bado anaifafanua hadhi hiyo gari liliposimama Lyamkena. Mama akashuka na katoni yake, akainama dirishani. "Ila bei zako nzuri kweli, meneja. Hii sabuni nimeichukua kwako asubuhi, naenda kuiuza. Mimi nilikuja na soksi."