Kuku wa Bogoro na Miaka ya Muzee Athanase

Leo tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu mchana, Muzee Athanase Ukethi atafunga dirisha la gishe namba mbili ya Biro ya Mshikamano, hapa Bunia, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumika miaka 33, miezi 3 na siku 27. Hiyo ni hesabu yake na yetu sisi tunaotumika naye. Hesabu ya wakubwa ni miaka 21, miezi 9 na siku 28, maana karatasi ya zamani kuliko zote kwenye faili yake ni ya Septemba 2003. Zilizotangulia ziliungua pamoja na kabati wakati wa vita. Tofauti ni miaka kumi na moja na nusu kasoro siku moja, na pensheni itapimwa kwa hesabu fupi. Tunaomba wageni waikumbuke namba hii wakati wa keki.

Muzee alitoka Mahagi na mashati mawili na mwandiko mzuri. Kalamu ya gishe aliifunga kwa kamba, na kwa miaka yote hiyo zimeibwa kamba tatu. Kalamu haikuibwa hata moja. Namna gani, hakuna aliyewahi kueleza.

Lakini watu wa mitaa ya Mudzipela na Shari watamkumbuka kwa mwaka wa korona. Fuko la msaada lilikuwa na nafasi 600 za watu wasio na karte yoyote ya utambulisho: waliokimbia vijiji, waliovuka kutoka Uganda na Sudani ya Kusini. Kila mmoja dola 40. Maagizo kutoka juu yalikuwa wazi: asiye na karte alete cheti cha kupoteza karte. Cheti ni dola 10, moto, pikipiki ya abiria, kwenda na kurudi dola 2. Yaani mtu asiye na dola hata moja atoe 12 kwanza ili aonekane maskini.

Mama Abigaël, mfua nguo aliyevuka kutoka Uganda, aliuliza gisheni kwa sauti iliyofika barabarani: "Muzee, nitapoteza namna gani kitu chenye sijawahi kuwa nacho?"

Wiki ya kwanza tulilipa watu watatu. Ripoti ya wakubwa ikaandika kwa furaha kwamba Bunia nzima ina watu watatu tu wasio na karte.

Muzee hakubishana. Alichukua likizo ya siku mbili, akazunguka avenue kwa avenue akiomba vitabu vya matanga. Kila familia iliyofiwa inacho: nani alileta unga, nani fransi, nani kuni, ili siku yake ya kilio arudishiwe. Mtu anaweza kujificha kwa serikali miaka kumi, Muzee alisema, lakini mchango wa matanga utamkuta tu. Jina likionekana katika vitabu viwili vya avenue moja, huyo ni mwenyeji, apewe. Mama Abigaël alikutwa katika vitabu sita, kila mara na sabuni mbili.

Tulilipa watu 587. Nafasi 13 zilizobaki, dola 520, Muzee alizirudisha na risiti. Jambo hilo liliwashangaza wakubwa kuliko korona yenyewe.

Kosa lilikuwa moja. Kwenye vitabu viwili vya familia moja, kimoja cha kilio na kimoja cha arobaini, jina la marehemu lilikuwa juu kabisa, kwa herufi kubwa nzuri, nasi tukamhesabu kama mchangiaji wa kwanza. Mjane wake, Mama Clémence, alipokea dola 40 akasema, "Aah! Alipokuwa hai hamukumujua. Sasa mumeanza kumuheshimu."

Kwa kosa hilo Muzee alikatwa mshahara wa mwezi mzima. Kwa njia hiyo hiyo ya vitabu, biro ilipewa cheti cha ubunifu, ambacho wageni wanaweza kukiona ukutani, juu ya keki. Jina la Muzee halimo, nafasi haikutosha.

Mwaka huu alipoomba miaka yake kamili, aliambiwa alete cheti cha kupoteza karatasi, pamoja na nakala ya karatasi zilizopotea. Alicheka mpaka akakaa chini.

Siye hatukucheka. Jumamosi tulipanda moto hadi Bogoro, kwa Mama Godelive, binti wa marehemu Augustin aliyekuwa mlinzi wetu wa kwanza. Alikimbia vita na mtoto mgongoni na kitabu cha matanga ya baba yake kifuani, kwa sababu, alisema, deni la kilio haliachwi nyuma. Tarehe 19 Machi 1992, mstari wa tisa: "Ukethi Athanase, wa gishe, kuku 1." Pesa za zaire za mwaka ule zingeshuka bei kabla ya kufika Bogoro. Kuku hakushuka.

Kitabu hicho kiko hapa mezani. Chini ya mstari huo, mkuu wa biro wa wakati ule aliweka sahihi na muhuri, maana naye alileta mbuzi. Bwana Mkuu wa leo ameketi kiti cha mbele. Muhuri uko kwenye mtoto wa meza wa kushoto, tumeupaka wino asubuhi. Kuku huyo anathibitisha kazi kuanzia tarehe 19. Muzee aliajiriwa tarehe 3. Siku kumi na sita zinazobaki, amesema anaisamehe serikali.

Asante, Muzee Athanase, kwa niaba ya watu 587, marehemu mmoja akiwemo. Tunakutakia maisha mema na marefu, na tunayahesabu kuanzia 1992.