Mwalimu Povu na Siki ya Dirishani

Ndugu waombolezaji, kabla karatasi hii haijasomwa kila mmoja aape moyoni kwamba habari ya chupa za siki haitavuka lango la makaburi, maana marehemu alimwapisha dada yake mkubwa, ndiye huyu anayewasomea, naye ameitunza miaka yote hiyo hadi imemkaa kooni, basi leo na itoke.

Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, chumba cha nyuma cha karakana ya baba, fundi viatu, akaanza shule mwaka 1959, akamaliza chuo cha ualimu Novemba 1972, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha sayansi darasa la tano, ambako watoto walimbandika jina la Mwalimu Povu, kwa kuwa alitia magadi ndani ya puto, akalivisha kwenye mdomo wa chupa yenye siki, akaliinua magadi yamwagike, siki ikachemka bila moto na puto likanenepa lenyewe, darasa zima mikono kichwani, kisha akarudia katika jagi, akaliinamisha juu ya mshumaa bila kumwaga hata tone, na mshumaa ukazimwa na hewa wasiyoiona.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na seremala, mwanamume mpole ambaye hakuwahi kuuliza siki ya nyumbani inaishia wapi, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1983 povu liliruka hadi kwenye suti ya mkaguzi, na Mwalimu Mkuu, mkali hata kivuli chake watoto walikikwepa, akasema mbele ya shule nzima kwamba darasa si jiko, siki marufuku, atakayeonekana nayo afungashe virago. Marehemu alilia, kwa sababu bila puto watoto wangekariri tu wasielewe. Jumatatu yake akakuta chupa ya siki na pakiti ya magadi dirishani mwa darasa, ikawa hivyo kila muhula, na wakaguzi wakija kuna mtu alikohoa koridoni mapema, hadi asubuhi moja akamfumania mletaji, koti limevimba, naye akamnong'oneza, nisitiri, Mwalimu, wakijua nimekwisha.

Akamsitiri. Puto lilijaa kila muhula mpaka alipostaafu mwaka 2011, na hao wanafunzi wake waliobeba jeneza kwa sare za zimamoto, wote walianzia kwenye mshumaa ule.

Agosti 2023 aliugua figo, akalazwa, akawafundisha hata wauguzi kujaza puto, na tarehe 9 Juni 2024, alfajiri, akatutoka, akiacha mume, mabinti na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na walimu wenzake, akiwemo Mwalimu Mkuu mstaafu, ambaye sasa hivi, akidhani macho yote yako kwenye karatasi, ameinuka kutoka kiti cha mbele akanyemelea jeneza, koti limevimba vilevile, na mkono umetoka na chupa ya siki anayoiegemeza kwenye maua. Mzee wangu, usiirudishe kotini, shule nzima imeshakuona.

Lala kwa amani, Mwalimu Povu, siki ya muhula huu imefika.